Wanda Landowska: Mpiga piano aliyerudisha sauti ya ala iliyosahauliwa

Katika mfululizo wetu wa maisha ya watu waliobadilisha muziki duniani, leo tunamwangalia mwanamke aliyezaliwa Poland, akajulikana kwanza kama mpiga piano hodari, kisha akaamua kuirudisha jukwaani ala ambayo watu walikuwa wameitupa zaidi ya miaka 100 kabla yake. Walimcheka, wakambishia, na baadaye Wanazi wakamwibia karibu kila alichokikusanya. Hata hivyo alipofariki mwaka 1959, ala hiyo ilikuwa imerudi katika kumbi za muziki za Ulaya na Marekani, na ipo huko mpaka leo.

Jina lake ni Wanda Landowska. Ala yenyewe inaitwa hapsikodi.

Hapsikodi ni ala gani?

Kabla ya kusimulia maisha yake, tueleze kwanza ala hii, maana wengi wetu hatujawahi kuiona.

Ukiitazama kwa mbali, hapsikodi inafanana na piano. Ni sanduku refu la mbao lenye nyuzi za chuma au shaba ndani yake, na mbele kuna safu ya vibonyezo ambavyo mpigaji anavigusa kwa vidole. Tofauti iko ndani.

Kwenye piano, ukibonyeza, kinyundo kidogo kilichovikwa kitambaa kizito hugonga uzi. Ukibonyeza kwa nguvu sauti inakuwa kubwa, ukibonyeza polepole sauti inakuwa ndogo. Kwenye hapsikodi hakuna kinyundo. Ukibonyeza, kijiti cha mbao hupanda juu kikiwa na kijino kidogo ubavuni, na kijino hicho huudonoa uzi. Zamani kijino hicho kilichongwa kutoka unyoya wa ndege. Hata ukibonyeza kwa nguvu kiasi gani, ukubwa wa sauti haubadiliki sana.

Wanaosikiliza taarabu ya Zanzibar watalielewa jambo hili haraka. Fikiria kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani na kudonolewa. Sauti ya hapsikodi iko karibu zaidi na kanuni kuliko piano: ni kavu, inang'aa, na kila sauti inasikika peke yake.

Kwa zaidi ya miaka 200 hapsikodi ilikuwa ala kubwa ya nyumba za wafalme na matajiri wa Ulaya. Watunzi kama Johann Sebastian Bach wa Ujerumani, François Couperin wa Ufaransa na Domenico Scarlatti wa Italia waliiandikia kazi nyingi. Lakini karibu na mwaka 1700, fundi mmoja wa mji wa Florence aitwaye Bartolomeo Cristofori alitengeneza piano. Taratibu piano ikashinda, kwa kuwa iliweza kunong'ona na kupaza sauti. Kufikia mwanzo wa karne ya 19, hapsikodi zilikuwa zimeachwa darini na stoo, na nyingine zikaishia makumbusho. Muziki wa Bach uliendelea kupigwa, lakini kwenye piano.

Mtoto wa Warsaw

Wanda Landowska alizaliwa tarehe 5 Julai 1879 mjini Warsaw. Wakati huo Poland haikuwa nchi huru, na Warsaw ilikuwa chini ya utawala wa Urusi. Baba yake alikuwa mwanasheria, na mama yake alikuwa mjuzi wa lugha za kigeni. Familia ilikuwa na asili ya Kiyahudi lakini ilifuata Ukatoliki. Jambo hili la asili tulikumbuke, maana litamrudia miaka 60 baadaye.

Alianza kupiga piano akiwa na miaka 4. Alisoma katika chuo cha muziki cha Warsaw, kwa walimu waliosifika kwa kupiga kazi za Chopin, mtunzi ambaye Wapoland wanamwona kama fahari ya taifa lao. Kila mtu alitegemea kwamba msichana huyu naye atapita njia hiyo hiyo. Lakini tangu akiwa mdogo, moyo wake ulivutwa na Bach na muziki wa zamani zaidi.

Akiwa kijana alipelekwa Berlin kusomea utunzi. Huko alikutana na Mpoland mwenzake, Henri Lew, mwandishi na mtafiti wa mila na nyimbo za kienyeji. Mwaka 1900 wawili hao waliondoka pamoja kwenda Paris na kuoana.

Ndoa hii ilikuwa pia ushirika wa kazi. Lew alijua kutafiti. Yeye na mkewe walizunguka makumbusho na maktaba za Ulaya, wakisoma vitabu vya kale, wakichunguza ala zilizokaa kimya kwa miaka mingi, na kuuliza swali moja: muziki huu ulisikikaje siku ulipoandikwa?

Vita vya maneno Paris

Mwaka 1903 Landowska alipiga hapsikodi mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Hakuwa peke yake katika jambo hili. Kampuni za piano za Paris, Pleyel na Érard, zilikuwa zimeshatengeneza hapsikodi mpya chache na kuzionyesha katika maonyesho makubwa ya mwaka 1889, na huko Uingereza Arnold Dolmetsch alikuwa akifufua ala za kale. Lakini hakuna mpigaji wa kiwango chake aliyekuwa amekubali kuweka jina lake lote juu ya ala hiyo.

Wengi walimshauri aache. Alikuwa na njia nzuri mbele yake kama mpiga piano, kwa nini aiharibu kwa kifaa cha kizamani? Waliompinga walikuwa na hoja. Walisema hapsikodi ni ala dhaifu, haisikiki katika ukumbi mkubwa, haiwezi kuonyesha hisia. Walisema Bach mwenyewe angeipata piano ya kisasa angeitupa hapsikodi siku hiyo hiyo.

Landowska naye alijibu kwa hoja, si kwa hasira tu. Alionyesha kwamba watunzi wa zamani waliandika wakijua ala yao inafanya nini. Sauti za hapsikodi hazimezani, kwa hiyo Bach aliweza kuziendesha njia tatu au nne za muziki kwa wakati mmoja, na msikilizaji akazifuata zote. Ukizipeleka kwenye piano kubwa na kuzipiga kwa uzito, nyimbo hizo zinaweza kugeuka ukungu. Mwaka 1909 aliyaandika mawazo yake katika kitabu kuhusu muziki wa kale, kwa Kifaransa.

Na hakuishia kwenye kuandika. Aliibeba hapsikodi kutoka mji hadi mji. Katika baridi kali ya Urusi aliisafirisha mpaka shambani kwa mwandishi mkubwa Leo Tolstoy, akampigia nyumbani kwake Yasnaya Polyana. Miongoni mwa waliomsikia na kumsifu mapema ni Albert Schweitzer, yule mtaalamu wa Bach ambaye baadaye alijulikana sana Afrika kwa hospitali yake ya Lambaréné, nchini Gabon.

Ala mpya kwa muziki wa kale

Kulikuwa na tatizo moja ambalo hoja hazikuweza kulimaliza. Hapsikodi za kale zilikuwa chache na nyingi mbovu, na kweli sauti yake ilikuwa ndogo kwa kumbi za watu mamia kwa mamia.

Landowska aliiendea kampuni ya Pleyel akaomba itengenezwe hapsikodi kubwa ya jukwaani kwa maelekezo yake. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika tamasha la Bach huko Breslau, mji ambao leo unaitwa Wrocław na uko Poland. Ilikuwa na safu mbili za vibonyezo, pedali saba za kubadilisha sauti, na seti ya nyuzi nzito za sauti ya chini kabisa. Ala hii ndiyo aliyoizunguka nayo dunia.

Mwaka 1913 aliitwa Berlin kufundisha hapsikodi katika chuo kikuu cha muziki cha huko. Mwaka uliofuata Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikaanza. Yeye na mumewe walihesabiwa kuwa raia wa upande wa adui, wakazuiwa kuondoka, ingawa aliendelea kufundisha. Vita vilipokwisha, wakati wanajiandaa kuanza upya, Henri Lew alifariki katika ajali ya gari mwaka 1919.

Landowska alirudi Ufaransa akiwa mjane wa miaka 40, akaanza upya.

Miaka ya mavuno

Mwaka 1923 alivuka bahari kwenda Marekani kwa mara ya kwanza, akiwa na hapsikodi nne za Pleyel. Alipiga na okestra ya Philadelphia chini ya Leopold Stokowski. Wamarekani wengi waliokuwa ukumbini hawakuwahi kuisikia ala hiyo maishani mwao. Mwaka huo huo alianza kurekodi santuri.

Watunzi waliokuwa hai nao wakaanza kuiandikia hapsikodi kwa sababu yake. Manuel de Falla wa Hispania aliiweka katika mchezo wake wa vikaragosi wa mwaka 1923, kisha akamtungia Landowska konsato iliyopigwa Barcelona mwaka 1926. Francis Poulenc wa Ufaransa alimtungia nyingine, iliyopigwa Paris mwaka 1929. Ala iliyokuwa imekufa ikawa na muziki mpya. Hiyo ni alama kwamba imefufuka kweli, kwa sababu mtunzi haandikii kitu cha makumbusho.

Mwaka 1925 alinunua nyumba katika mji mdogo wa Saint-Leu-la-Forêt, kaskazini mwa Paris, akafungua shule ya muziki wa kale. Bustanini alijenga ukumbi mdogo wa matamasha, uliofunguliwa mwaka 1927. Wanafunzi walitoka nchi nyingi, na kila majira ya joto wapenzi wa muziki walipanda treni kutoka Paris kwenda kumsikiliza.

Ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na hazina yake: hapsikodi za kale, piano za zamani, ala nyingine za aina mbalimbali, maelfu ya vitabu na hati za muziki. Kati ya ala hizo kulikuwa na piano ndogo ambayo Chopin aliitumia kisiwani Mallorca, katika majira ya baridi ya mwaka 1838 kuingia 1839, alipokuwa akimalizia kazi zake maarufu. Landowska aliipata huko huko kisiwani.

Katika ukumbi huo, mwezi Mei 1933, alipiga kazi ya Bach iitwayo Goldberg Variations yote kwa hapsikodi. Ni kazi inayoanza na wimbo mmoja mtulivu, kisha inaugeuza kwa njia 30 tofauti juu ya msingi ule ule, halafu inaurudia wimbo wa mwanzo. Wachache sana walikuwa wakiipiga hadharani wakati huo, kwa kuwa ni ndefu na ngumu. Mwaka huo huo aliirekodi, na santuri hizo ndizo zilizoipeleka kazi hiyo majumbani mwa watu.

Mwaka 1938 alipewa uraia wa Ufaransa. Alikuwa na nyumba, shule, jina na nchi. Ilibaki miaka miwili tu.

Mizinga na muziki

Kuna santuri moja ya sonata za Scarlatti aliyoirekodi Paris mwaka 1940, wakati Vita Kuu ya Pili ya Dunia imeshaanza. Katikati ya muziki inasikika milio ya mizinga ya kutungulia ndege. Landowska hakusimama. Aliendelea kupiga mpaka mwisho, na milio ile imebaki ndani ya santuri.

Juni 1940 majeshi ya Ujerumani yalikaribia Paris. Akiwa na umri wa karibu miaka 61, Landowska alikimbilia kusini mwa Ufaransa pamoja na Denise Restout, mwanafunzi na msaidizi wake. Alichoweza kubeba kilikuwa kidogo. Ala na vitabu vyote vilibaki.

Hapa ndipo asili yake ilipomfuata. Kwa Wanazi, mtu aliyezaliwa katika familia ya Kiyahudi alikuwa Myahudi hata kama alibatizwa, na mali ya Wayahudi waliokimbia ilihesabiwa kuwa haina mwenyewe. Wanazi waliunda kikosi maalumu cha kupora vitu vya muziki katika nchi walizoziteka. Septemba 1940 watu wa kikosi hicho walifika Saint-Leu. Ala za kale, hati, vitabu, pamoja na ile piano ya Chopin, vilifungwa katika masanduku na kuchukuliwa.

Huu haukuwa wizi wa mali ya gharama tu. Kazi yote ya Landowska ilisimama juu ya vitu vile. Kila mara alipobishana na wapinzani wake, ushahidi ulikuwa ni ala yenyewe na karatasi yenyewe. Kilichopakiwa kwenye malori kilikuwa ni kazi ya miaka 40, iliyoanza siku alizokuwa akizunguka makumbusho na mumewe. Vita vilipokwisha baadhi ya vitu vilipatikana Ujerumani, lakini vingi havikurudi.

Kuanza tena akiwa na miaka 62

Landowska na Restout walisafiri kupitia Lisbon, Ureno, na meli yao ikafika New York tarehe 7 Desemba 1941. Siku hiyo hiyo Japani ilishambulia Pearl Harbor, na Marekani ikaingia vitani. Wageni hao wawili hawakuwa na mali wala nyumba.

Miezi miwili na nusu baadaye, tarehe 21 Februari 1942, Landowska aliingia jukwaani katika ukumbi wa Town Hall mjini New York akapiga Goldberg Variations yote. Ukumbi ulijaa. Baada ya hapo hakuwa tena mkimbizi asiyejulikana. Mwaka 1945 aliirekodi tena kazi hiyo, na santuri zake zikanunuliwa sana Marekani.

Baadaye walihamia mji mdogo wa Lakeville, jimbo la Connecticut. Kati ya mwaka 1949 na 1954, akiwa amevuka miaka 70, alirekodi vitabu vyote viwili vya kazi ya Bach iitwayo The Well-Tempered Clavier, jumla ya jozi 48 za vipande. Sehemu kubwa ilirekodiwa nyumbani kwake, mafundi wakimfuata na mitambo yao. Piano naye hakuiacha kabisa: alipiga na kurekodi kazi za Mozart kwa piano mpaka uzeeni.

Wanda Landowska alifariki Lakeville tarehe 16 Agosti 1959, akiwa na miaka 80. Majivu yake yalirudishwa Ufaransa, Taverny, karibu na mji aliokuwa na shule yake.

Je, alikuwa sahihi?

Ni haki tuseme pia yale ambayo waliokuja baada yake waliyakosoa.

Ile hapsikodi yake kubwa ya Pleyel haikuwa ya kale kweli. Ilikuwa nzito, ina fremu ya chuma, na vijino vyake vilikuwa vya ngozi, wakati zile za enzi za Bach zilikuwa za mbao nyepesi na vijino vya unyoya. Mwaka 1949, Landowska akiwa bado hai, Frank Hubbard na William Dowd walifungua karakana mjini Boston wakitengeneza hapsikodi kwa kuiga za kale kwa makini. Wapigaji wa kizazi kipya, kama Gustav Leonhardt wa Uholanzi, walizichagua hizo, na Pleyel zikaanza kuwekwa kando.

Kwa maneno mengine, swali lake mwenyewe ndilo lililomgeukia. Aliuliza muziki ulisikikaje siku ulipoandikwa, na wanaomfuata wakaliuliza swali hilo kwa ukali zaidi kuliko yeye.

Lakini wangemkosoa kwa ala gani kama yeye hangeirudisha jukwaani? Leo kuna vyuo vingi duniani vinavyofundisha hapsikodi, na kuna okestra nzima zinazotumia ala za zamani au nakala zake. Si wa Bach tu. Hata kazi za Mozart, Beethoven na Chopin sasa zinapigwa na baadhi ya wapiga piano kwenye piano za aina waliyoitumia watunzi hao, zenye mwili wa mbao na sauti nyepesi. Mlango huo Landowska alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuusukuma.

Kwetu pia zipo ala ambazo wapigaji wake wamebaki wachache, na vijana wanaziona za kizamani. Maisha ya Landowska yanaonyesha kwamba ala haifi kwa sababu ni ya zamani. Inakufa pale anapokosekana mtu wa kuipiga vizuri, wa kuwaeleza wengine thamani yake, na wa kuwafundisha wanaokuja. Yeye alifanya yote matatu.

Santuri zake nyingi zinapatikana leo kwenye intaneti. Msikilizaji mwenye simu anaweza kutafuta jina lake pamoja na jina la Bach, akasikiliza kwanza wimbo wa mwanzo wa Goldberg Variations. Kisha asikilize wimbo huo huo ukipigwa na mtu mwingine kwa piano. Baada ya dakika chache atajua mwenyewe walichokuwa wakibishania kule Paris.